Namna ya Kumtibu Mtoto Mchanga Aliyepungukiwa na Maji Mwilini: Mwongozo kwa Walezi wa Lindi na Mtwara

Mtoto mchanga anapoharisha, kinachomdhuru upesi zaidi ni maji na chumvi zinazomtoka, kuliko hata vimelea vilivyoleta ugonjwa. Takribani robo tatu ya uzito wa mtoto aliyezaliwa karibuni ni maji, lakini akiba yake ni ndogo mno. Mtoto wa kilo 6 akipoteza mililita 300, kiasi kisichojaza hata chupa ya maji ya nusu lita, ameshafika mahali ambapo dalili huanza kuonekana, na akipoteza mililita 600 maisha yake yamo hatarini. Kiasi hicho kinaweza kumtoka kati ya alfajiri na adhuhuri ya siku moja. Ndiyo maana matibabu huanza na choo cha kwanza cha kuharisha, kwa kiasi kidogo kidogo kisichokoma, na mlezi anayengoja hadi macho ya mtoto yazame huwa ameshachelewa kwa saa kadhaa.

Katika mikoa ya Lindi na Mtwara mtoto mara nyingi haugui akiwa mikononi mwa mama yake. Msimu wa korosho unapofika, mama huondoka alfajiri kwenda kuokota, na mtoto hubaki na bibi au na dada yake mkubwa. Baada ya hapo huja masika, ambapo maji ya juu ya ardhi huingia kwenye visima vya wazi pamoja na uchafu wote wa uani. Huko Newala na Tandahimba, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, ambako maji yamekuwa ya shida tangu zamani, kaya nyingi hutegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwa miezi. Kwa hiyo maelekezo haya yanamhusu yeyote anayebaki nyumbani na mtoto, na ni vyema mama ayasome pamoja na bibi kabla ya ugonjwa, wakati kila mtu ametulia.

Kutambua hali ya mtoto

Si kila choo laini ni kuharisha. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kupata choo cha njano, laini na chenye chembechembe, mara sita au zaidi kwa siku, huku akinyonya vizuri na kuongezeka uzito. Huyo ni mzima. Kuharisha ni pale choo kinapobadilika kutoka kilivyokuwa kawaida yake, kikawa cha majimaji na cha mara nyingi kuliko alivyozoea. Mama ndiye anayeujua mwenendo wa mtoto wake, na akisema kwamba choo kimebadilika, neno lake litoshe.

Mtoto anapokuwa na upungufu wa maji, kwanza huwa msumbufu, hulia ingawa hana njaa wala usingizi, na akipewa kijiko hukidaka kwa pupa na kulia kinapoondolewa. Mdomo na ulimi hukauka. Machozi hupungua au hayatoki kabisa. Macho huzama, ingawa wapo watoto waliozaliwa na macho ya ndani, hivyo swali sahihi la kujiuliza ni kama macho hayo ni tofauti na yalivyokuwa jana. Utosi wa mtoto ambaye bado haujafunga hubonyea kuliko kawaida anapokuwa ameketi au amepakatwa wima na ametulia. Mkojo huwa kidogo na wa rangi nzito, na hapa pampasi huwapotosha wengi, kwa sababu kinyesi cha majimaji huilowesha na mlezi akadhani mtoto amekojoa. Siku mtoto anapoharisha ni afadhali kumfunga nepi ya kitambaa au kipande cha khanga, ambacho doa la mkojo na la kinyesi hutofautiana waziwazi.

Kipimo ambacho wahudumu wa afya hukitegemea sana ni cha kufinya ngozi. Mlaze mtoto chali, mikono ikiwa imenyooka kando ya mwili, kisha chukua ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu kwa kidole gumba na cha shahada. Mkunjo ufuate urefu wa mwili, wala usitumie ncha za vidole kwa sababu zinaumiza. Inua ngozi pamoja na nyama laini iliyo chini yake, shikilia kwa sekunde moja, halafu achia. Kwa mtoto mzima ngozi hurudi papo hapo. Ikirudi polepole, kiasi kwamba unauona mkunjo kwa muda mfupi, upungufu wa maji umeanza, na ikichukua zaidi ya sekunde mbili hali ni mbaya. Kipimo hiki kina udhaifu wake, kwani mtoto mnene ngozi yake hurudi upesi hata akiwa amepungukiwa na maji, na mtoto aliyekonda kwa utapiamlo ngozi yake huchelewa hata akiwa hana tatizo hilo, kwa hiyo kisichukuliwe peke yake.

Dalili mbili kati ya hizi, yaani usumbufu, macho yaliyozama, kiu ya pupa na ngozi inayorudi polepole, humaanisha kwamba mtoto ana upungufu wa maji wa wastani na anahitaji kunyweshwa ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwa kipimo huku akiangaliwa na mhudumu wa afya. Akiwa amelegea au amepoteza fahamu, au hawezi kunywa, macho yamezama na ngozi inachukua zaidi ya sekunde mbili, dalili mbili kati ya hizo zinatosha kuwa upungufu mkali, na hapo hakuna cha kungojea nyumbani.

Kuandaa maji ya ORS

Paketi za ORS hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa, na ni heri paketi kuliko mchanganyiko wa nyumbani, hasa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Ndani yake mna glukosi, chumvi ya kawaida, chumvi ya potasiamu na sitrati, kwa vipimo vilivyopangwa ili glukosi iisindikize chumvi kuvuka ukuta wa utumbo, na maji yazifuate. Kazi hiyo huendelea hata utumbo unapokuwa mgonjwa, na ndiyo sababu mtoto hufaidika na ORS ingawa bado anaharisha. Vipimo vikiharibika, faida hugeuka madhara: maji yakiwa machache chumvi huzidi na kumkausha mtoto zaidi, na maji yakiwa mengi dawa hupoteza nguvu.

Soma kwanza kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye paketi, kwa kuwa nyingi ni za lita moja lakini zipo za ujazo mdogo zaidi. Chupa mbili za maji za nusu lita, zilizooshwa vizuri, hutoa lita moja kamili bila kubahatisha, jambo ambalo kata, kikombe au jagi lisilo na alama haliwezi. Chemsha maji hadi yatokote, yaache yapoe kabisa kwenye chombo kilichofunikwa, kisha nawa mikono kwa sabuni, mimina unga wote wa paketi na ukoroge hadi uyeyuke. Usigawe paketi nusu kwa nusu ili ikae siku nyingi, usiongeze sukari wala soda ili mtoto ayapende, na usiyachemshe tena baada ya kuchanganya. Onja mwenyewe: ladha isizidi chumvi ya machozi. Maji hayo yafunikwe na yatumike ndani ya saa 24, na yatakayobaki yamwagwe hata kama yanaonekana masafi.

Ikiwa paketi haipatikani kabisa na zahanati iko mbali, mchanganyiko wa sukari na chumvi unaweza kumvusha mtoto njiani, kwa kuweka vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu. Hapa panahitajika tahadhari ya pekee kwa watu wa pwani yetu. Chumvi ya mawe inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi na Kilwa ina punje kubwa zisizolingana, hivyo nusu kijiko chake leo hakilingani na nusu kijiko cha kesho, na hata ukiisaga huwezi kuwa na hakika. Tumia chumvi laini ya paketi. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, kwa hiyo ni wa kusaidia kufika tu, wala haupaswi kuwa dawa ya siku tatu.

Kumnywesha mtoto

Kwa mtoto ambaye ameanza kuharisha lakini bado hana dalili za upungufu wa maji, mpe mililita 50 hadi 100 za ORS kila baada ya choo, yaani vijiko vya chai 10 hadi 20, na umnyonyeshe mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kila anaponyonya, usiku na mchana. Kunyonyesha kusisimamishwe kwa sababu yoyote. Maneno kwamba maziwa ya mama yameharibika, au kwamba jua la shambani limeyachemsha ndani ya ziwa, hayana ukweli, na mtoto anayenyimwa ziwa wakati wa kuharisha hunyimwa maji, chakula na kinga kwa mara moja.

Kwa mtoto aliyekwisha kuwa na upungufu wa wastani, kipimo ni mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake, anywe ndani ya saa 4. Uzito wa karibuni umeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Mtoto wa kilo 8, kwa mfano, anahitaji mililita 600 kwa saa 4, ambazo ni mililita 150 kwa saa; na kwa kuwa kijiko cha chai hubeba mililita 5, hesabu inaangukia kwenye kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili. Mtoto wa kilo 6 anahitaji mililita 450, yaani kijiko kimoja kila dakika mbili na nusu hivi. Kama uzito haujulikani, umri unaweza kuongoza: mililita 200 hadi 400 kwa aliye chini ya miezi 4, 400 hadi 700 kwa wa miezi 4 hadi 12, na 700 hadi 900 kwa wa mwaka mmoja hadi miwili. Akitaka zaidi, apewe zaidi.

Hesabu hii nimeileta kwa makusudi, kwa sababu wengi hushindwa kwenye mwendo wa kunywesha na si kwenye kuchanganya dawa. Mlezi humpa mtoto mwenye kiu kikombe kizima, mtoto hukigugumia, tumbo hujaa ghafla, anatapika chote, na watu wa nyumbani wanakata shauri kwamba “dawa imemkataa”. Mpakate mtoto akiwa ameinuka kidogo, mnyweshe kwa kijiko au kwa kikombe kidogo, na uepuke chupa ya chuchu, kwa kuwa ni ngumu kuisafisha na humfanya anywe kwa kasi. Akitapika, subiri dakika 10, halafu anza tena polepole zaidi, kijiko kimoja kila dakika mbili hadi tatu. Sehemu ya alichokunywa huwa imeshapita hata pale inapoonekana kwamba ametapika chote. Saa nne za kijiko zinachosha, na hakuna ubaya wowote mama akipokewa na bibi, shangazi au baba wa mtoto, alimradi anayepokea aambiwe ni vijiko vingapi vimeshaingia. Kope zikianza kuvimba, simamisha ORS, endelea na ziwa, na umweleze mhudumu.

Saa 4 zikiisha, mtoto apimwe upya kwa dalili zilezile. Akiwa amekojoa, ametulia na ngozi inarudi upesi, rudi kwenye utaratibu wa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo hadi kuharisha kukome. Hali ikibaki vilevile, saa 4 nyingine ziendelee mbele ya mhudumu wa afya, na ikiwa imezorota, mpango unabadilika.

Wakati wa kuondoka nyumbani

Mtoto aliye chini ya miezi miwili anayeharisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata akionekana mchangamfu, kwa kuwa kuharisha katika umri huo kunaweza kuwa sehemu ya maambukizi ya mwili mzima. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, ambaye moyo wake hauwezi kubeba maji mengi kwa haraka na ambaye hutibiwa kwa mchanganyiko wake maalumu. Kwa mtoto wa umri wowote, ondokeni mara moja ikiwa hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri, ana damu kwenye choo, anatapika nyongo ya kijani, tumbo limevimba, au hajakojoa kwa saa 6. Homa nayo haingoji: huku kwetu malaria ni jambo la kawaida, hivyo mtoto mwenye homa apimwe malaria hata kama kuharisha kunaonekana kuwa ndiko chanzo. Choo cha maji meupe kama ya kuoshea mchele, kinachotoka kwa wingi, kitolewe taarifa upesi, maana huenda ni kipindupindu.

Nendeni kwenye kituo kilicho karibu zaidi. Watu wa vijijini huiruka zahanati na kukodi bodaboda moja kwa moja hadi Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, kwa kuamini kwamba hospitali kubwa itaokoa muda, na mtoto husafiri saa nzima bila tone la maji wakati zahanati waliyoipita ingeweza kumwanzishia tiba na kuandika rufaa. Kwa mtoto mchanga, mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama unapatikana kwa kupiga 115 bila malipo. Njiani, maadamu mtoto yuko macho na anameza, kijiko kiendelee na ziwa liendelee. Asiyemeza asimiminiwe kitu mdomoni, kwa sababu kitaingia kwenye mapafu.

Kituoni, mwenye upungufu mkali huwekewa dripu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa mililita 30 kwa kila kilo katika saa ya kwanza, kisha mililita 70 kwa kila kilo katika saa 5 zinazofuata. Mshipa ukikosekana, ORS hupitishwa kwa mpira mwembamba wa puani hadi tumboni. Mwenye upungufu wa wastani hapewi dripu, na hilo huwaudhi jamaa, ambao huona kwamba kijiko ni tiba ya kumfukuza mgonjwa. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katikati ya mlipuko wa kipindupindu, akawakabidhi jamaa za wagonjwa maji ya chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka kutoka takribani asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Waliofanya kazi hiyo walikuwa jamaa wa kawaida wenye vikombe.

Zinki, chakula, na vitu vya kuacha

Pamoja na ORS, mtoto hupewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku, ambazo ni nusu ya kidonge cha miligramu 20, kwa aliye chini ya miezi 6, na kidonge kizima kwa aliyezidi umri huo. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa au kwa ORS. Zinki hufupisha kuharisha na hupunguza uwezekano wa kurudi katika miezi miwili hadi mitatu inayofuata, lakini walezi wengi huiacha siku ya tatu, choo kinapokuwa kigumu, na kuipoteza faida hiyo ya pili.

Mtoto aliyeanza kula aendelee kula: uji mzito uliotiwa karanga au mafuta kidogo, ndizi iliyopondwa, samaki aliyechambuliwa vizuri, kidogo kidogo na mara nyingi, na baada ya kupona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Madafu, ambayo pwani yetu haiyakosi, yanafaa kama kinywaji cha nyongeza kwa mtoto aliyepita miezi 6 na asiye na dalili za upungufu wa maji, lakini yana chumvi kidogo mno kuweza kushika nafasi ya ORS. Soda, juisi za dukani na chai ya sukari nyingi huvuta maji kuelekea utumboni na kuzidisha kuharisha. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe maji matupu hata joto la Novemba likiwa kali, kwa kuwa maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, na maji matupu mengi hushusha chumvi ya damu yake hadi kuleta degedege.

Dawa za kuzuia kuharisha hazifai kabisa kwa watoto wachanga, kwani hulaza utumbo na kuacha ugonjwa ndani. Antibiotiki ni za kuandikiwa na mganga, mathalani kwa choo cha damu, wala si za kununua dukani kwa kukisia. Kuhusu utosi uliobonyea, ambao baadhi ya wazee huuona kuwa ugonjwa unaojitegemea na kuupaka dawa kichwani, lisemwe kwa heshima lakini bila kuzungusha: utosi umeshuka kwa sababu maji yamepungua mwilini, na utapanda yatakaporudi kwa njia ya mdomo au ya mshipa. Bibi anayetaka kumpaka mjukuu wake mafuta kichwani ampake, huku mkono mwingine ukishika kijiko.

Chanjo ya rota, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2013, hutolewa kwa matone mdomoni mtoto anapofika wiki ya 6 na ya 10, na hukinga dhidi ya kirusi kinachosababisha sehemu kubwa ya kuharisha kukali kwa watoto wachanga. Haikingi dhidi ya vimelea vingine, kwa hiyo paketi mbili za ORS na chupa safi za nusu lita ziwepo nyumbani, na kwa familia inayohamia shambani wakati wa korosho zifungwe pamoja na sufuria na chandarua, kadi ya kliniki ikiwa ndani ya mfuko huohuo.